Mikanda ya mpiga mbizi haiazimwi

Mtu anapozama katika bwawa huko Soy, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, wa kwanza kuingia majini huwa kijana wa kijijini anayejua kuogelea. Hana mtungi wa hewa wala suti ya mpira. Ana kamba kiunoni, na wenzake wameishika kule ukingoni. Akishindwa, simu zinaanza kupigwa na umati unaketi kwenye nyasi kungoja wapiga mbizi. Kutoka Mtongwe, Mombasa, iliko kambi ya Jeshi la Wanamaji, hadi Soy ni kama kilomita 800. Aliyezama hana saa za kungoja. Anayengoja ni familia yake, ipate mwili wa kuzika.

Ndiyo maana kila baada ya mkasa hudaiwa kwamba kaunti inunue vifaa vya kupiga mbizi. Dai hilo ni la haki. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga, na Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, haiwezi kusema bahari iko mbali. Uasin Gishu ina mabwawa mengi ya kunyweshea ng'ombe, mengine yakiwa yamechimbwa enzi za walowezi, na upande wa Moi's Bridge kuna Mto Nzoia. Maji ya kuzama yapo tele.

Shaka iko kwenye ununuzi wenyewe. Zabuni ikitangazwa, itaandikwa seti kadhaa za vifaa, zote za ukubwa mmoja, zitiwe stoo zingoje yeyote atakayekuwa zamu. Kwa mtungi wa hewa, hilo halina ubaya. Kwa mikanda inayoufunga mtungi huo mgongoni, ni hatari.

Mikanda hiyo ikitazamwa kwa karibu, haina la kushangaza. Ule muundo wa kawaida kabisa, uliopata umaarufu kwa wapiga mbizi wa mapangoni kule Florida, ni bamba la chuma au alumini linalokaa mgongoni na utepe mmoja mrefu wa nailoni wenye upana wa sentimita 5. Utepe unapita begani, unashuka kwapani, unarudi kwenye bamba na kumalizikia kiunoni kwa bizimu. Mkanda mwingine unapita katikati ya miguu na kushikana na ule wa kiunoni. Kifuani na kiunoni kuna pete za chuma za kuning'inizia taa na vyombo vingine. Ni hivyo tu. Jaketi za kuelea zinazouzwa madukani zina vishikizo vingi na sponji begani, lakini kazi ni ile ile: kuufanya mzigo wa mgongoni ukae kama sehemu ya mwili.

Kazi kubwa iko katika kuipima. Mikanda hupimwa mtu akiwa amevaa suti ile ile atakayoingia nayo majini, kwa sababu suti nene ya maji baridi huongeza kifua na mabega. Ya begani isibane: kiganja kipite chini yake bila taabu, na mwenye kuivaa aweze kutoa mkono mmoja bila kusaidiwa. Wengi hukosea hapa, hukaza mabega wakidhani ndiyo usalama, kumbe unaoushika mzigo usitambae ni mkanda wa kiunoni na ule wa katikati ya miguu. Huu wa pili ukikosekana, bamba hupanda kuelekea kisogoni mara tu mtu anapoinamisha kichwa kwenda chini. Ukikazwa kupita kiasi, humkunja mgongo.

Kisha mtungi. Ukikaa chini mno, mkono haufiki kwenye valvu. Ukikaa juu mno, kichwa kinagonga chuma kila mtu anapoinua uso. Mkanda unaoushika mtungi huloweshwa kwanza, maana nailoni iliyokazwa ikiwa kavu hulegea ikilowa. Halafu mtu hunyanyua mzigo wote kwa kushika bamba na kuutikisa. Mtungi ukiteleza hata kidogo, kazi inaanza upya.

Vipimo hivi vyote ni vya mwili mmoja. Afisa mrefu mwembamba akimwachia mwenzake mfupi mnene mikanda yake, kila kipimo kimevurugika, na kurekebisha utepe uliopita kwenye bamba lake huchukua muda ambao ukingoni mwa bwawa, huku mama wa mtoto akilia, hakuna anayekuwa nao. Eldoret inapaswa kulielewa hili kuliko mji mwingine wowote: hakuna kocha anayempa mwanariadha viatu vya mwenzake siku ya mashindano.

Maji ya Soy yana mambo yake pia. Mpiga mbizi wa watalii Diani au Watamu huona samaki kabla ya kuona mikanda yake. Katika bwawa la ng'ombe haoni hata kiganja akikiweka mbele ya macho. Tope hutimka kwa teke la kwanza, na chini kuna visiki, nyaya za ua na nyuzi za ndoana. Kila kitu hutafutwa kwa kupapasa, kwa hiyo kisu kikae pale pale siku zote, mahali mikono yote miwili inapofika, na ncha ya mkanda isiachwe ikining'inia, kwani ndiyo ya kwanza kunasa. Timu zinazofanya kazi ya namna hii humfunga mpiga mbizi kamba inayoshikwa na mwenzake nchi kavu, wakazungumza kwa mivuto waliyokubaliana kabla. Kamba hiyo hufungwa kwenye mikanda ya pekee iliyovaliwa chini ya ile ya mtungi, ili hata akilazimika kuvua mzigo wote aweze kuvutwa nje.

Uzito nao hubadilika. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bwawa kwa karibu asilimia 2.5, hivyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 anahitaji vipande vya risasi vya kumzamisha pungufu kwa kilo mbili na nusu hivi akitoka baharini kuja Soy. Akija na mkanda wake wa risasi wa Mombasa kama ulivyo, atatua kwenye tope. Lakini maji ya huku ni baridi, na suti nene humfanya aelee, kwa hiyo pengine atazihitaji tena zile risasi alizopunguza. Hesabu ya mezani haitoshi. Hujaribiwa ukingoni, mtungi ukiwa karibu kuisha, kwa sababu hewa ya mtungi wa alumini wa lita 11 ina uzito wa kilo mbili na ushei, na ikiisha mtungi wenyewe huanza kuelea.

Na kuna mwinuko. Soy iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni chini ya asilimia 80 ya ule wa pwani. Mita 10 za bwawa, kwa hesabu ya naitrojeni mwilini, huchukuliwa kama zaidi ya mita 12 za bahari. Mabwawa mengi hayana kina cha kutisha, ni kweli. Lakini mpiga mbizi aliyefanya kazi Mombasa asubuhi akapandishwa ndege kuja Eldoret jioni anajihatarisha: ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya kadhaa, kabla ya kuruka. Akija kwa gari, barabara inapanda Timboroa, karibu mita 2,700. Kumwita mtu wa pwani kwa dharura ni kumtia yeye naye hatarini.

Kenya iliona kazi hii ilivyo ngumu hata kwa wenye vifaa. Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni. Walikuwepo wanamaji, wapiga mbizi wa binafsi na wengine kutoka Afrika Kusini, na gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi. Lilitolewa Oktoba 11. Desemba 2021 basi la wanakwaya lilizama katika Mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji hayo hayakuwa bahari, yalikuwa mto uliofurika mbali na pwani.

Kwa hiyo kaunti ikiamua kuunda timu, na iamue, ianze na watu. Ichague waogeleaji wachache kutoka Soy, Turbo na Kesses, na iwapeleke kujifunza Kisumu badala ya Diani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yake hayana chumvi, na ni mwendo wa saa chache tu kwa gari. Kila mmoja apimwe mikanda yake, iandikwe jina lake, na aivae kila mwezi katika bwawa la kwao. Ua wa bwawa na somo la kuogelea shuleni vitaokoa wengi zaidi kuliko timu yoyote, na ni rahisi kwa bei. Visisahauliwe kwa sababu mtungi wa hewa unapendeza kwenye picha za uzinduzi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mkazi wa Soy akikuta humo fungu la vifaa vya uokoaji majini, aulize vimepimwa kwa mwili wa nani, na katika maji ya wapi.