Acheni Kuuza Miti kwa Ekari

Ukiuliza bei ya miti Mufindi, Kilolo, Njombe au Makete, utajibiwa kwa ekari. Ekari ya paina ya miaka minane kiasi hiki, ya miaka kumi kiasi kile; lori likifika hadi shambani ongeza kidogo, shamba likiwa korongoni punguza. Mzee wa kijiji anaijua bei hiyo, kijana aliyemaliza kidato cha nne anaijua, na mwenye shamba anayeishi Dar es Salaam anatajiwa kwa simu na kuridhika. Jirani akiuza mwaka huu, mwakani wenzake wote wanaanzia pale alipoishia yeye.

Bei hiyo ni ya uongo. Ekari ya miti haina bei, na kila anayeuza kwa kipimo hicho anamwachia mnunuzi mali ambayo hajalipwa.

Ekari hupima ardhi, na anayeuza miti hauzi ardhi. Mnunuzi atavuna na kuondoka, ardhi itabaki na visiki vyake. Alichonunua ni ujazo wa magogo. Hakuna anayeuza ng'ombe kwa ukubwa wa zizi, lakini miti tuliyoilea miaka kumi na zaidi tunaiuza hivyo hivyo. Chukua mashamba mawili yanayopakana, ekari moja moja, yamepandwa msimu mmoja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3. Kila moja lilianza na miche kama 450. Mwenye shamba la kwanza alitafuta mbegu bora, akapalilia, akapogolea matawi, akapunguzia miti iliyobanana. Wa pili aliotesha miche kwa mbegu za kuokota, akalisahau shamba mpaka siku dalali alipopiga hodi. Kwa hesabu ya ekari hawa wawili wana mali sawa na wanalipwa sawa. Aliyefanya kazi anajifunza kwamba kazi yake hailipwi, na shamba linalofuata hatalipogolea. Bei ya ekari inaharibu miti yenyewe kabla haijatutia umaskini.

Tushike namba. Mti wenye mzingo wa sentimita 47, ukiupima usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, una kipenyo cha sentimita 15. Ukiwa na urefu wa mita 12, ujazo wake ni karibu mita ya ujazo 0.1. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha sentimita 30. Ukiwa na urefu wa mita 22, ujazo wake unafika kama mita ya ujazo 0.7. Unene umeongezeka mara mbili, urefu haukufika hata mara mbili, ila ujazo umeongezeka mara saba. Jicho la mwenye shamba halioni mara saba. Linaona mti mwembamba na mti mnene kidogo, basi.

Tena si wingi peke yake. Gogo la inchi sita ukilipeleka kwenye msumeno utapata mbili kwa nne mbili, tena kwa taabu, na lundo la mabanzi. Moja kwa nane hutaipata hata ufanyeje, kwa sababu gogo lenyewe halina upana huo. Gogo la inchi kumi na mbili linakupa moja kwa nane, linakupa mbili kwa sita, na pembeni unabakiwa na papi. Ongeza hapo mashine zetu za dingdong, zenye msumeno mnene wa duara ambao sehemu kubwa ya gogo inaishia kuwa unga chini yake. Kila mkato unakula upana uleule, liwe gogo jembamba au nene, kwa hiyo jembamba ndilo linaloumia zaidi. Mti mdogo una mbao chache, za bei ndogo, na hasara kubwa njiani. Mti mkubwa una kinyume cha hayo yote. Utawezaje kuviweka hivi viwili kwenye neno moja, ekari, kisha useme umefanya biashara?

Kuna wanaojitetea kwamba mnunuzi naye anakadiria tu, hivyo wote wawili wako gizani. Mtazameni vizuri mnunuzi mzoefu akiingia shambani. Haishii kwenye mistari ya pembezoni, maana anajua miti ya ukingoni hunenepa kwa kupata jua. Anaingia katikati. Anauzungushia mti mikono na kuangalia vidole vinakutana wapi. Anainua uso: hapa gogo la kwanza, hapa la pili, la tatu jembamba, linafaa mirunda. Anahesabu mistari, anahesabu miti ndani ya mstari, anaandika kwenye simu. Akitoka pale ana picha ya mbao ngapi atapata na malori mangapi yatajaa. Ndipo anapokaa na mwenye shamba, anakaribishwa ulanzi, na kuuliza kwa unyenyekevu wote: "Mzee wangu, ekari unaniachia kwa ngapi?"

Mnunuzi hanunui kwa ekari. Ananunua kwa ujazo na kutulipa kwa ekari, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo faida yake. Simlaumu kwa kupima. Angekuwa mpumbavu kama asingepima. Lawama yangu iko kwetu tunaokaa mezani mikono mitupu.

Na hiyo ekari yenyewe ni ipi? Huko vijijini ni hatua 70 kwa hatua 70. Akipima mtu mrefu ambaye hatua yake inafika mita moja, hiyo ni mita za mraba 4,900. Ekari halali ni mita za mraba 4,047 hivi. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya ekari nzima imekwenda bure, pamoja na miti yote iliyosimama juu yake, kabla hata bei haijatajwa. Wazee wetu walipima mashamba ya mahindi kwa hatua na hawakupata hasara kubwa, kwa kuwa mahindi waliyauza kwa gunia. Miti tumeiacha kwenye hatua.

Imani hii ya bei ya ekari ina ndugu yake: kwamba paina ikifika miaka kumi imekomaa. Imekomaa kwa nani? Angalieni Sao Hill, hapo hapo Mufindi. Majaribio ya kupanda miti yalianza huko mwaka 1939, na leo ni shamba la serikali lenye zaidi ya hekta 130,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Paina za mbao huko huachwa ziipite miaka kumi kwa mbali. Zikifika wakati wa kuuzwa, zinapimwa, na mrabaha unatozwa kwa mita ya ujazo, huku kiwango kikipanda kadiri kipenyo kinavyopanda. Serikali haiuzi paina zake kwa ekari. Mnunuzi yuleyule anayelipa Sao Hill kwa mita ya ujazo anavuka barabara na kumlipa mwanakijiji kwa hatua. Iweje kipimo kinachofaa upande mmoja wa barabara kisifae upande wa pili?

Miaka ya mwanzo mti unatafuta mizizi na urefu. Unene wenye fedha unakuja baadaye. Tena mbao inayotoka kwenye moyo wa mti mchanga ni dhaifu, inajipinda ikikauka, na fundi paa yeyote wa Dar es Salaam atakwambia alivyochoshwa na mbao zinazokunja shingo kabla bati halijapigiliwa. Kukata miaka minane au kumi ni kung'oa mali inapoanza kujilipa.

Najua jibu linalokuja, na ni zito: ada ya shule haisubiri kipenyo. Mgonjwa hasubiri. Ni kweli kabisa, na sitamhubiria mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani. Lakini shida ya milioni moja haihitaji kuuza shamba zima. Inahitaji kuuza miti inayotosha milioni moja, na hilo haliwezekani kwa mtu asiyejua mti wake mmoja una thamani gani. Anayejua atapunguzia: atatoa miti iliyobanana na iliyopinda, auze mirunda, alipe ada, na iliyobaki ipate nafasi ya kunenepa. Asiyejua anauza ekari tatu kwa sababu ekari ndiyo kipimo pekee anachokifahamu. Shida inambana kila mtu. Kinachomfanya huyu auze kila kitu ni kukosa kipimo.

Wengine watasema dalali anabeba mzigo mkubwa. Anabeba, sikatai. Kuna kibali cha kuvuna, hati ya kusafirishia, ushuru wa halmashauri, kutia mbao dawa, lori la kwenda Dar es Salaam zaidi ya kilomita 500, na barabara za Mufindi mvua zikikolea zinajulikana. Basi gharama hizo ziandikwe. Anza na thamani ya mbao sokoni, toa moja baada ya nyingine, na kinachobaki ndicho kinachojadiliwa. Gharama ya dalali ni sababu ya kupiga hesabu, haiwezi kuwa sababu ya kutoipiga.

Isitoshe, shamba moja lina masoko kadhaa, na bei ya ekari inayafunga yote kwenye gunia moja. Mlingoti (mkaratusi) mrefu ulionyooka ni nguzo ya umeme. Mlingoti ambao haufiki huko unaweza kwenda kiwanda cha vinia. Viwanda hivyo vimeongezeka sana Mafinga na Njombe miaka ya karibuni na vinatafuta magogo. Paina ina mbao, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza miaka ya 1980, nacho kinatumia miti. Masoko yenyewe hayatulii: Tanesco ikielekea nguzo za zege, mwenye milingoti anaguswa. Kenya nayo ilipozuia uvunaji katika misitu yake ya umma kuanzia Februari 2018, zuio ambalo Rais Ruto alitangaza kuliondoa Julai 2023, mwenye mbao za kusini mwa Tanzania alikuwa na kila sababu ya kuuliza bei upya. Anayeuza kwa bei ya jirani ya mwaka jana hana habari na lolote kati ya haya.

Kupima si kazi ya wasomi peke yao. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima mzingo. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Urefu upime kwa kijiti chenye urefu sawa na umbali kati ya jicho lako na ngumi uliyoinyoosha: kisimamishe wima, rudi nyuma mpaka kilingane na mti kuanzia shina hadi kilele, na umbali kutoka hapo uliposimama hadi shinani ndio urefu wa mti. Kisha funga kamba ya mita 5 na sentimita 64 kwenye mti mmoja katikati ya shamba na uzunguke nayo; duara hilo lina mita za mraba 100, na ekari ina maduara kama 40 ya namna hiyo. Pima kila mti uliomo, rudia sehemu nne au tano zilizo mbalimbali, zilizo nzuri na zilizo mbaya, chukua wastani, zidisha kwa 40. Asubuhi moja inatosha, na vijana wawili wa kusaidia. Vyama vya wakulima wa miti viko katika vijiji vingi vya nyanda za juu kusini, na maofisa misitu wapo wilayani. Kikundi kikipima pamoja, mnunuzi hatapata mtu mmoja wa kumzunguka.

Halmashauri nazo zina deni hapa. Kila lori la mbao linalotoka linalipa ushuru, kwa hiyo mbao zinahesabiwa getini. Bei za kila aina ya mbao Mafinga na Makambako zinafahamika kwa kila mfanyabiashara. Zibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, nguzo, gogo la vinia, na bei ya mita ya ujazo kwa mti uliosimama kulingana na kipenyo. Karatasi moja kwa mwezi, kwa kila kijiji kinacholipa ushuru huo, na ianze kabla ya msimu ujao wa kuvuna.