Kabla hatujaiachia programu ihesabu umri wa samaki

Haya wasomaji, leo tuweke seva kando, twende baharini. Samaki hana cheti cha kuzaliwa, lakini ana kumbukumbu yake kichwani: jozi tatu za vijiwe vya sikio. Akiwa mchanga, kijiwe huongezewa pete moja nyembamba ya chokaa kila siku. Giorgio Pannella alizieleza pete hizo mwaka 1971. Unakitoa kijiwe, unakisugua kiwe chembamba, kisha unahesabu kwa hadubini.

Ni kazi ya kuumiza macho, ndiyo maana watu wanataka kuipa tarakilishi. Mimi naunga mkono, kwa sharti moja: tuhakikishe kwanza kwamba pete moja ni siku moja kwa aina hiyo ya samaki.

Chukua mfano. Samaki alianguliwa na milimita 3, sasa ana 30. Ukihesabu pete 54, amekua milimita 0.5 kwa siku. Ukiruka pete 9, unapata 0.6, na tarehe ya kuanguliwa imesogea siku 9. Anayepanga msimu wa kufunga uvuvi kwa tarehe hizo atawafungia wavuvi bahari wakati usiofaa.

Pete hupoteaje? Kwa baadhi ya samaki, ya kwanza huja wanapoanza kula, si wanapoanguliwa. Tena samaki akidumaa, pete husongamana chini ya mikroni 1, na hadubini ya kawaida haizitenganishi. Imeonekana kwa vichanga vya heringi. Kwa hiyo waliodumaa ndio wanaoonekana wamekua vizuri kuliko ukweli!

Wataalamu wawili wakikubaliana kwamba ni 45, huo si ushahidi. Huenda wote hawakuziona zile 9. Programu ikifunzwa kwa hesabu yao itakosea vilevile, ila kwa kasi.

Sisi waandishi wa programu tunajua dawa: jaribio lenye jibu linalojulikana. Fuga vichanga tangu waanguliwe. Au waloweke kwenye rangi ya alizarini iweke alama kwenye kijiwe, ngoja siku 10, uhesabu pete zilizo nje ya alama. Zisipokuwa 10, rudi mezani.

Ukiandika programu kama hii, toa picha, hesabu ya kila mtaalamu na matokeo ya jaribio hilo. Nambari tupu haitoshi. Mwasemaje?