Kinjeketile na Kipimo cha Wagiriki

Imekuwa desturi katika madarasa yetu, kila isomwapo tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, kuuliza: je, Kinjeketile ni shujaa wa tanzia kwa mujibu wa Aristotle? Mwanafunzi huorodhesha sifa: mtu mwenye hadhi, mwenye kasoro, anayeanguka, anayetambua kosa lake, anayetutia huruma na hofu. Kisha hutia alama, hujumlisha, akatoa hukumu. Sisi tunasema kwamba zoezi hili, jinsi linavyofanywa, linamdhulumu Aristotle, na linamdhulumu Kinjeketile zaidi.

Tuanze na Mgiriki mwenyewe. Aristotle, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba roho ya tanzia ni mpango wa matukio. Tabia za wahusika hufuata nyuma. Na lile neno lake ambalo madaftari yetu huliita "kasoro ya tabia", maana yake ya asili ni kukosea, kama mpiga mshale akosavyo shabaha. Oedipus wa Sophocles hakuangamia kwa uovu. Alimwua baba yake na kumwoa mama yake pasipo kuwajua.

Kwa kipimo hicho kilichosahihishwa, tukubali, Kinjeketile anaingia kwa kiasi. Ana hadhi, si mwovu, anakosea, na anatambua. Lakini tuutazame wakati wa utambuzi wake. Oedipus anatambua yote yakiwa yamekwisha tendeka. Kinjeketile anaingiwa na shaka kabla ya vita, anapong'amua kwamba maneno ya Hongo yanawaahidi watu kumwondoa Mjerumani ili wawe watoto wa Seyyid Said. Anataka watu wangoje, hawamsikii. Maji yakimwagika hayazoleki: neno lilikwisha kuwa mali ya umma. Basi anguko hili si la mtu mmoja, wala chanzo chake hakimo ndani ya mtu mmoja.

Hapa ndipo kosa la darasani linapozidi kuwa kosa la mtihani tu. Kijana aliyefunzwa kusaka kasoro ndani ya shujaa huishia kusema kwamba wananchi walikufa kwa sababu mtu mmoja aliwadanganya. Hukumu hiyo ndiyo waliyoipenda watawala wa Kijerumani, waliotaka Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vionekane kuwa kazi ya waganga, ili yasitajwe mashamba ya pamba ya shuruti, kodi na viboko.

Wako watakaotujibu kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, na kwamba mwandishi mwenyewe alitahadharisha hivyo. Ni kweli, na ukweli huo unatuunga mkono. Ngwale alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Mhusika wa Hussein anaachwa aishi hata aone kushindwa, kisha anawekwa kifungoni mbele ya sharti moja: akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye aliyeyatilia maji shaka kabla ya wengine anakataa, kwa kuwa akikana, watoto wa kesho wataambiwa kwamba kule kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Oedipus anamaliza kwa kukiri. Kinjeketile anamaliza kwa kukataa kukiri.

Hatusemi Aristotle atupwe. Walimu na wamfundishe, lakini awe mwenzi wa kulinganishwa naye, asiwe hakimu. Mwanafunzi aulizwe kipimo hiki kinafika wapi na kinakomea wapi. Kisha aulizwe lililo gumu zaidi: je, ilikuwa haki kuuacha uongo uishi ili ukweli mkubwa kuliko huo usife? Hilo ndilo swali ambalo tamthilia hii imetuachia, na hakuna orodha ya sifa iwezayo kulijibu.