Shomoro wa paani kwako, mgeni au mwenyeji?

Mpenzi msomaji, Jumapili hii sikuletei mapishi wala mawaidha ya ndoa. Nakuomba tu uinue macho hadi pale mabati ya nyumba yako yanapokutana na ukuta. Kama wewe ni mkazi wa Kiandutu, mtaa huu wa Thika ulio upande wa barabara ya kwenda Garissa, ambako nyumba zimebanana hata paa la jirani karibu liguse lako, huna haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Wamo mumo humo. Alfajiri, kabla redio ya kwanza haijafunguliwa, wao huwa wameshaanza kelele zao, chip, chip, chip, wimbo usio na ubeti wala kiitikio. Mchana utawaona chini wakidonoa punje za mahindi mlangoni pa kinu cha unga, au wakimzunguka mama anayepepeta maharagwe, hatua mbili tu kutoka miguuni pake.

Uliza yeyote hapo ni ndege gani, utajibiwa kuwa ni shomoro. Uliza tena, shomoro yupi? Utatazamwa kama mtu aliyeuliza moshi huu ni wa aina gani. Shomoro si shomoro tu!

Hasha. Wataalamu wamehesabu aina tisa za shomoro halisi katika Kenya, yaani wale wa jenasi iitwayo Passer. Nane kati yao ni wenyeji. Wa tisa ni mgeni, na aghalabu huyo wa tisa ndiye mwenye makelele katika mabati yako. Kuwaita wote kwa jina moja si kosa la lugha. Lakini kuna hatari ndani yake: mwenyeji anaweza kutoweka mtaani nasi tusijue, kwa kuwa kila tukitazama juu bado tunaona "shomoro".

Tuanze na mgeni. Huyu ni shomoro wa nyumbani, Passer domesticus. Alizoeana na binadamu huko Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, watu walipoanza kulima nafaka na kuiweka ghalani. Mwaka 2018 wanasayansi waliochunguza chembe zake za urithi walieleza kwamba wameona dalili za mabadiliko ambayo jamaa zake wasioishi na watu hawana. Jeni moja inahusu umbo la fuvu la kichwa, na nyingine inahusu uwezo wa kusaga wanga tumboni. Mbwa naye alipitia badiliko kama hilo la wanga alipoacha mwitu na kuja kuishi kwa mabaki yetu. Kwa ufupi, msomaji, huyu ni ndege ambaye mwili wake umezoea chakula cha binadamu. Makombo ya ugali wako kwake ni haki, si hisani.

Mombasa alifika yapata mwaka 1950, na inaaminika kwamba alishukia bandarini kutoka melini. Kwa miaka mingi alistarehe huko pwani. Kisha akaanza kupanda bara, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa ameonekana Nairobi. Leo yuko hadi magharibi ya nchi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba yeye si ndege wa safari ndefu. Wengi wao huishi na kufa kilomita chache tu kutoka walikoanguliwa. Amefikaje Kakamega, basi? Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2014 unaonyesha kuwa binadamu amemsaidia kusafiri. Fikiria lori la nafaka linalolala Voi na kuamkia Athi River, na ndege watatu walioingia chini ya turubai kula.

Watafiti wawili kutoka Marekani, Andrea Liebl na Lynn Martin, walifanya jambo la kufurahisha zaidi. Waliwalinganisha shomoro hawa wa miji mbalimbali ya Kenya, kutoka Mombasa kwenda bara, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo. Wale walio mstari wa mbele wa safari, mbali kabisa na Mombasa, walikuwa wadadisi zaidi wa mahali papya kuliko wale waliobaki pwani. Tena homoni ya mshtuko ilipanda zaidi mwilini mwao walipobughudhiwa. Naam, hata kwa ndege, anayehamia mji asioujua huchungulia kila tundu na kushtuka upesi. Waliokuja Thika wakitafuta kibarua cha kiwandani wataielewa hali hiyo bila kufundishwa.

Hapa niruhusu niteleze kidogo nje ya mada. Kiandutu, kwa lugha ya Kikuyu, ni mahali pa ndutu, yaani funza. Na funza naye si wa Afrika! Aliletwa na meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, akavuka bara ndani ya vidole vya wapagazi na askari, akawa amefika Afrika Mashariki kabla ya karne ya 19 kwisha. Hata mananasi yanayoitambulisha Thika asili yake ni Amerika ya Kusini. Basi mtaa uliopewa jina la mgeni mmoja sasa umempangisha mgeni mwingine, na huyu hata kodi halipi.

Tumtambue sasa. Dume la shomoro wa nyumbani ana utosi wa kijivu, rangi ya kahawia iliyokolea kuanzia jichoni hadi kisogoni, mashavu meupe-meupe, na doa jeusi kooni linaloshuka kifuani kama kile kitambaa anachofungwa mtoto anayelishwa uji. Jike hana madoido hayo. Ni kahawia tupu, na mstari hafifu wa rangi ya maziwa nyuma ya jicho. Wengi humkosa jike kabisa na kudhani ni ndege mwingine.

Taabu huanza unapokutana na mwenyeji wanayefanana sana, Passer rufocinctus. Huyu ni shomoro wa nyanda za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na hapatikani India, Ulaya wala Amerika. Dume wake pia ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni. Wengi huishia hapo na kusema ni wale wale. Tazama jicho: la mwenyeji ni jeupe-jeupe, kama la mtu aliyekukazia macho; la mgeni ni jeusi. Halafu ngoja ageuke. Sehemu ya mgongo iliyo juu ya mkia, kwa mwenyeji, ina rangi ya kutu, ile ile ya bati lililopigwa na mvua za miaka kumi. Kwa mgeni ni kijivu. Hutahitaji darubini, ila utahitaji subira. Kiota chake pia ni tofauti. Yeye hupenda kujenga mtini, aghalabu mwenye miiba, fungu la nyasi lililofunikwa juu, la ovyo ovyo.

Mwenyeji wa pili wa kutafuta ana kichwa cha kijivu kitupu, bila doa wala mstari, na mabawa na mgongo wa rangi ya kutu. Dume na jike hawatofautiani. Hapa ndipo wataalamu wenyewe wamegombana. Zamani ndege hawa wote wa kichwa kijivu barani Afrika walihesabiwa kuwa spishi moja. Siku hizi wengi wanawagawa katika spishi tano, na nne kati yake ziko Kenya. Yule wa upande wa Nairobi na magharibi ni Passer griseus. Yule mwenye mdomo mnene zaidi, anayependa nchi kavu ya mashariki na kaskazini, ni Passer gongonensis, aliyepewa jina la Gongoni ya pwani yetu mwaka 1890. Wa mpaka wa kaskazini ni Passer swainsonii. Na wa nne, msomaji, anaitwa Passer suahelicus, yaani shomoro wa Kiswahili! Alipewa jina hilo na Mjerumani Anton Reichenow mwaka 1904. Usimtafute Lamu wala Kibokoni. Nenda Maasai Mara au Serengeti. Majina ya wazungu wa enzi ile yalikuwa na mambo yake.

Waliobaki niwapitie upesi. Kaskazini kukavu yuko Passer castanopterus, wa Kisomali, na kaskazini-magharibi yuko Passer shelleyi, ndugu wa yule mwenye jicho jeupe. Kisha yuko mdogo kuliko wote, Passer eminibey, aliyeitwa hivyo kwa heshima ya Emin Pasha, ambaye dume wake ni wa rangi ya kahawia-nyekundu mwili mzima. Huyu ana tabia ya kuvamia viota vya mnana na kuvifanya vyake. Kwa hiyo usidhani wenyeji wote ni malaika.

Wapo pia wanaoitwa shomoro kwa jina tu. Yule ndege wa Baringo na Tsavo mwenye nyusi nyeupe, anayejaza mti mmoja kwa mafungu ya majani makavu, Waingereza wamempa jina la shomoro nusu na mfumaji nusu, lakini wataalamu wamemrudisha katika ukoo wa mnana. Na wale wanaoitwa shomoro kule Marekani karibu wote ni wa ukoo mwingine kabisa. Hata Linnaeus, baba wa upangaji huu, mwaka 1758 alimweka shomoro wa nyumbani pamoja na ndege wa jenasi nyingine, Fringilla, na ni Mfaransa Brisson aliyempa jenasi yake miaka miwili baadaye.

Utaniuliza, hayo yote yanamsaidia nini mtu wa Kiandutu anayetafuta unga? Swali zuri. Jibu la kwanza ni tundu. Mgeni huzaa matundumatundu, na mwenye kichwa cha kijivu pia hupenda matundu, ya miti na ya majumba. Mgeni huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na kwa tundu hana simile. Marekani, alikopelekwa Brooklyn katika miaka ya 1850, amejulikana kwa kuwatoa ndege wenyeji katika viota vyao, hata kuwaua humo humo. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Huyu si wa methali hiyo. Miti mikubwa yenye matundu ikizidi kukatwa kando ya mto Chania na mto Thika, mwenyeji atakuja kugombea mabati, na huko ameshatanguliwa.

Jibu la pili ni sumu. Mwaka 2023 kwelea waliposhambulia mashamba ya mpunga ya Kisumu, walinyunyiziwa dawa iitwayo fenthioni. Njaa ya mkulima si mzaha na simlaumu. Lakini kwelea ni wa ukoo wa mnana, si shomoro, na fenthioni haijui kusoma. Humwua ndege yeyote inayemfikia, na hata mwewe atakayemla. Kwa mtu aliyesimama mbali, kundi la ndege wadogo wa kahawia ni kundi tu.

Wachina walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1958 serikali ya Mao iliwatangazia vita panya, nzi, mbu na shomoro. Aliyelengwa hasa alikuwa Passer montanus, ambaye huko ndiye anayeishi na watu. Watu walipiga masufuria mchana kutwa ili ndege wasitue, hadi wakaanguka kwa uchovu. Iligunduliwa baadaye kuwa shomoro hula nafaka, ndiyo, lakini makinda yake hulishwa wadudu. Wadudu wakaongezeka mashambani, na hilo likazidisha njaa kubwa ambayo tayari ilikuwa imeanza kwa sababu nyingine. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha ya maadui na nafasi yake ikachukuliwa na kunguni.

Kwa hiyo sikuombi umfukuze mgeni, wala mwanao asichukue makala haya kuwa ruhusa ya kuchonga manati. Huko Uingereza ndege huyu huyu aliingizwa katika orodha nyekundu mwaka 2002, baada ya kupungua kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970. Anayejaa kwako anakwisha kwingine.

Ninachokuomba ni dakika kumi na kijidaftari. Andika siku, mahali, na uliowaona: jicho jeupe au jeusi, kichwa kijivu kitupu au chenye doa kooni. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea taarifa za watu wa kawaida kutoka kila pembe ya nchi, na chama cha Nature Kenya, kilichozaliwa mwaka 1909 kwa jina jingine, kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi tangu 1971. Na ukimwona mwenye jicho jeupe katikati ya mabati ya Kiandutu, usiache kuandika hata saa.