CC 1308 za RX-8, na kwa nini nakwenda kulipia Celica

Wadau, nimekuwa kimya wiki tatu. Kuna waliodhani nimepata safari yenye posho nikatokomea. Hamna kitu! Nilikuwa natafuta gari. Na kama umewahi kutafuta gari hapa Dar ukiwa na hela ya kuungaunga unajua kwamba hiyo ni ajira kamili: asubuhi uko yadi, mchana uko gereji, jioni uko kwenye simu na dalali ambaye kila gari kwake "lilikuwa la mama mmoja hivi, alikuwa anaendea kanisani tu."

Mkwanja wenyewe ni wa miaka minne. Ndani yake kuna makala nilizoandika usiku wenzangu wamelala, kuna upatu wa kazini, na kuna kiasi alichoniongezea bi mkubwa alipouza kiwanja kidogo kule Tanga. Hiyo ya bi mkubwa ndiyo inayoninyima usingizi. Nikikosea hapa sina nyingine, na sina uso wa kwenda nao nyumbani.

Najua mnachotaka kusema: si uchukue IST? Mhariri wangu kasema hivyo, mwenye nyumba wangu kasema hivyo, hata kijana anayeniuzia vocha kasema hivyo. Jamani, nina miaka ishirini na minane, sina mke, sina mtoto, na gari la spoti nimelitamani tangu niko kidato cha pili nachora magari nyuma ya daftari la Hisabati. Nikishaoa habari hiyo imekwisha. Kwa hiyo IST tuiweke pembeni, tuzungumze ya maana.

Baada ya kuchuja sana nimebaki na magari mawili. La kwanza ni Toyota Celica ya mwaka 2004, ile ya toleo la saba na la mwisho, yenye injini ya 1ZZ na gia tano za mkono. La pili ni Mazda RX-8, nayo ya 2004, gia tano za mkono, ile ya nguvu za farasi 210. Yote yana namba za hapa hapa, maana kuagiza gari la umri huu kutoka Japan siku hizi ni kujitafutia maumivu. Ule ushuru wa uchakavu wa TRA peke yake unakata hamu. Ndugu zetu wa Kenya wao ndiyo kabisa, gari likizidi miaka minane haliingii.

Sasa sikilizeni. RX-8 ilikuwa bei ya chini kuliko Celica, tena kwa laki nane. Gari lenye farasi 210 linauzwa chini ya gari lenye farasi 145! Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi siku ile sikujiuliza, nilikuwa nimeshapenda.

Na kupenda kwenyewe kuna sababu. Nililiendesha Jumapili asubuhi, tukavuka daraja la Kigamboni, tukashika barabara iliyo wazi. Wadau, lile gari halitetemi. Unakanyaga, mshale unapanda, unapanda, unapanda, na wewe unasubiri injini ianze kulalamika kama injini nyingine, hailalamiki. Inavuma tu kama feni. Kwenye kona linatulia kwa sababu uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma, na nguvu inasukuma magurudumu ya nyuma. Halafu ile milango! Ukifungua wa mbele, wa nyuma mdogo unafunguka kwa kurudi nyuma, kama kabati. Watu wawili wazima wanakaa nyuma bila kukunja magoti hadi kidevuni. Mwenye gari akanitazama akaona nimeshakwisha. Akanimalizia kwa sentensi moja: "Halafu kaka, ni CC 1300 tu. Hili linakunywa kama Vitz."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Sisi Wabongo tunapima gari kwa CC. Ushuru wa bidhaa wa gari linaloagizwa tunaukadiria kwa CC, ile ada ya mwaka iliyofutwa 2017 ilipangwa kwa CC, na hata kijiweni ukisema umenunua gari swali la kwanza ni CC ngapi. CC ndogo, mafuta kidogo. Kwa Vitz na IST hesabu hiyo inakubali. Kwa RX-8 haikubali hata kidogo, na muuzaji ama hajui ama anajua sana.

Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka. Ya RX-8 haina pistoni hata moja. Ina vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobonyea kiunoni. Ubunifu huo ni wa Mjerumani, Felix Wankel, na Mazda ndio walioung'ang'ania tangu gari lao la Cosmo la 1967 wakati wenzao wote waliuacha njiani. Kila chumba kina CC 654, viwili vinakuwa 1308. Mpaka hapo muuzaji hajadanganya.

Ila injini ya kawaida, kila pistoni huvuta hewa na mafuta mara moja katika mizunguko miwili ya shafti. Hii ya Wankel, kila chumba huvuta mara moja katika kila mzunguko mmoja. Piga hesabu mwenyewe: katika mizunguko miwili, injini ya CC 1308 imevuta CC 2616. Yaani unalisha mdomo wa CC 2600 huku kadi ya gari inasema 1300! Wajapani wenyewe wanalijua hilo. Kwenye kodi yao ya magari, injini hii huzidishwa mara moja na nusu, inahesabiwa kama 1962. Serikali ya nchi lilikotengenezwa haiiamini hiyo 1308, wewe wa Tabata unaiamini kwa nini? Kumbuka na foleni ya Mandela, na EWURA wanaotangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Hayo ni ya petroli. Kuna ya oili. Kwenye ncha za zile pembe tatu kuna vipande vyembamba vya kuziba, navyo hulainishwa kwa oili inayopulizwa makusudi ndani ya chumba cha moto. Maana yake RX-8 nzima, isiyo na ugonjwa wowote, inaunguza oili. Ndivyo ilivyoundwa. Mwenye nayo anatakiwa apime oili kila baada ya kujaza tanki mara moja au mbili. Sasa niambieni, ni nani kati yetu anayefungua boneti kabla taa nyekundu haijawaka? Vile vipande vikichakaa injini inapoteza mgandamizo, inakataa kuwaka ikiwa ya moto, na dawa yake ni kuishusha yote. Na ukiwasha ikiwa ya baridi, ukalisogeza gari mita tatu kupisha jirani atoke, ukazima, unaweza kulowesha plagi isiwake tena. Kule Marekani Mazda waliongeza dhamana ya injini hadi miaka minane au maili 100,000 kwa magari ya 2004 hadi 2008. Kampuni haifanyi hivyo kwa injini isiyo na maneno.

Nisieleweke vibaya. Hii ni injini iliyochaguliwa kuwa injini bora ya mwaka kimataifa 2003, na mwaka 1991 gari la Mazda la injini ya ukoo huu huu lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, la kwanza kutoka Japan. Toyota walilipata taji hilo 2018! Kwa hiyo sio takataka. Tatizo ni kwamba mimi sina timu ya mafundi inayonisubiri pembeni mwa barabara na tairi mkononi.

Nikaenda kwa fundi wangu wa Ilala, mzee ambaye alitengeneza pikipiki ya marehemu baba. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, nimepata RX-8." Akaitikia, akaendelea kufunga nati. Baada ya muda akasema: "Mwanangu, hiyo ukiniletea tutaitazama wote wawili. Wewe utasimama huku, mimi nitasimama kule." Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniambia nimuombe mwenye gari tupime mgandamizo. Kumbe kipimo chenyewe sio kile cha pistoni; kinatakiwa kinachosoma pande zote tatu za kila chuma. Nikauliza gereji nne, hakuna yenye nacho. Nikampigia mwenye gari kumweleza kwamba naendelea kutafuta. Akasema wateja wa kupimapima hana muda nao. Sawa kaka.

Sasa Celica. Nitasema ukweli, siku ya kuliendesha sikupata kiwewe. Linavuta kwa magurudumu ya mbele, injini inanguruma kawaida, kiti cha nyuma ni cha watoto na mizigo. Kuna jamaa zangu wanalicheka, wanasema ni Wish iliyovaa miwani ya jua. Na wana haki! Injini ya 1ZZ iliyo kwenye Celica hii ndiyo iliyo kwenye Wish ya CC 1800, ndiyo iliyo kwenye Premio na Allion za 1800, ndiyo iliyo kwenye zile RAV4 za 1800. Wao wanalisema hilo kama tusi. Mimi nimelisikia kama habari njema. Nenda Gerezani sasa hivi, nenda Shauri Moyo, taja 1ZZ uone utakavyoitwa na maduka sita kwa mpigo. Koili ipo, pampu ya maji ipo, injini nzima ipo imekaa juu ya tairi inakusubiri.

Lina dhambi zake. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili, maana vijitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo na vikiziba ringi zinakwama. Ndiyo maana nimeng'ang'ania ya 2004 na sio ya 2000 iliyokuwa na rangi nzuri zaidi. Hata hivyo fundi alikaa nyuma ya bomba la moshi dakika kumi na tano akitafuta bluu. Hakuiona. Kuna Celica nyingine yenye injini ya 2ZZ iliyotengenezwa pamoja na Yamaha, farasi 190, injini ambayo Lotus waliichukua wakaiweka kwenye Elise yao. Niliiona moja Mbezi. Nikaikimbia, maana hiyo nayo spea zake ni za kuulizia kwa jina la mtu.

Na wanaosema Celica sio gari la spoti waulizeni Wakenya. Safari Rally ya 1984, 1985 na 1986 ilichukuliwa na Celica, na ya 1994 ilichukuliwa na Mkenya, Ian Duncan, ndani ya Celica. Najua, zile zilikuwa za turbo, na hizo za miaka ya tisini zilisukuma magurudumu yote manne. Hii yangu ni binamu wa mbali. Lakini ukoo ni ukoo.

Kilichonimaliza hasa sio hayo. Bi mkubwa ana tatizo la magoti, na kila baada ya miezi miwili anakuja Dar kliniki. Mpaka sasa anakuja kwa basi, saa sita amekunja miguu. Gari nalinunua ili nimfuate na kumrudisha. Sasa jiwekeni kwenye picha: saa tatu usiku, gari limezima kati ya Segera na Mkata, mama yuko ndani, na nje amekuja fundi wa pale kijijini na tochi. Akifungua boneti akikuta 1ZZ atasema "aah, ya Wish hii." Akikuta vile vyuma vya pembe tatu atasema nini? Hata akiwa fundi mzuri kuliko wote wa Handeni, kosa si lake.

Inaniuma kwa sababu kwa kuingia na kutoka, RX-8 ingemfaa zaidi mama na abiria wa nyuma. Hilo nalikubali. Nimelizungusha kichwani siku nne. Jana usiku nimempigia mwenye RX-8 nimemwambia anisamehe, akaniambia gari lina wateja watatu. Namtakia heri. Kesho saa tatu naenda na fundi kulipia Celica, na kadi ya gari tutaihakiki kwanza TRA kabla hela haijatoka mfukoni.

Asubuhi nimempigia bi mkubwa kumpa habari. Akafurahi, akaomba dua, akauliza rangi. Nikamwambia nyeusi. Akauliza milango mingapi.

"Miwili, mama."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Na huyo Zainabu anayenisindikiza atapitia wapi, dirishani?"

Nikamweleza kwamba kiti cha mbele kinakunjwa. Akasema tutaonana Ijumaa, na nisisahau kununua mto wa kukalia.