Wanaosema Spana Zote ni Sawa Wanakosea

Katika gereji za Machakos, fundi akinunua spana moja kwa bei ya seti nzima, wenzake humwona anachezea pesa. Sababu wanazotoa zinajulikana, na nyingi hazisimami.

Ya kwanza: spana ni spana, mradi namba iwe sawa. Chukua nati ya bomba la breki kwenye Probox, namba 10. Ni laini, na mara nyingi imeshikwa na kutu. Spana ya mdomo wazi huishika pande mbili tu; ikiteleza mara moja, pembe zimekwisha. Hapo huletwa koleo, bomba linajisokota pamoja na nati, na mwenye gari analipia bomba jipya ambalo hakulihitaji. Spana ya mabomba, ile iliyo kama ringi yenye mwanya mdogo wa kupitishia bomba, huikumbatia nati karibu pande zote. Kuipata mjini ni kazi. Lakini gari hilo kesho litashuka milima ya Mua likiwa na watu ndani, na breki ndizo zinazowashusha salama.

Bisibisi ya nyota ndiyo inayodharauliwa zaidi. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na skrubu zake nyingi zilitengenezwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, si kile cha Phillips cha Marekani. Kwa macho zinafanana. Ncha ya Phillips, hata hivyo, haikai mpaka chini ya msalaba wa JIS. Ukitia nguvu inapanda juu na kukichana kichwa. Skrubu za JIS mara nyingi huwa na kitone kidogo kando ya msalaba, kwa hiyo mwanagenzi anaweza kuzitambua siku yake ya kwanza. Vessel ya Osaka hutengeneza bisibisi za kipimo hicho, na ipo moja ambayo ukiigonga nyundo kisogoni, ncha yake hujizungusha kidogo na kuilegeza skrubu iliyokwama.

Ya pili: fundi hodari anategemea mkono wake, si kifaa. Haya yanasemwa Ukambani, kwenye wachongaji wa Wamunyu! Nani kati yao huchonga kwa tezo butu ili aonyeshe ustadi? Tena yapo mambo ambayo mkono haupimi. Nati za magurudumu za Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Aliyechomeka paipu kwenye wilispana hajui kama amefikia hapo au amepita maradufu, naye akizoea hivyo atavuta stadi ya gurudumu mpaka siku moja ikatike barabarani. Spana ya kupima nguvu ndiyo inayojua.

Ya tatu: sanduku la vipande zaidi ya 100 lina kila kitu. Vingi hutavigusa kamwe, na soketi zake mara nyingi ni za pembe 12, ambazo hula kona za nati iliyogoma. Ya pembe sita hubana ubavu. Maneno “Chrome Vanadium” yaliyogongwa kwenye chuma hayathibitishi lolote, maana kiwanda chochote kinaweza kuyagonga. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, lakini risiti ya muuzaji anayejulikana ndiyo itakayokupa pa kurudia.

Kwamba vifaa vizuri vitaibiwa, hilo ni kweli. Vipake rangi yako, vifungie, usiviazime.

Wala sisemi kila kifaa kiwe ghali. Nyundo, patasi na spana za 12 na 14 za kazi ya kila siku, za bei ya kati zinatosha. Nairobi haifiki kilomita 70, na unapofuata spea Kirinyaga Road unaweza kuulizia hivi vingine. Ukiwa na pesa za kifaa kimoja tu mwezi huu, nunua spana namba 10 ya mabomba ya breki; kinachofuata kiwe spana ya kupima nguvu.