Kumkanda Mbwa Si Kumdekeza

Kumkanda mbwa ni kumpitishia viganja mwilini polepole ili misuli ilegee. Hoja ya baadhi ya watu kwamba huku ni kumdekeza mnyama, na kwamba mbwa wa ulinzi akizoea kukandwa huacha ukali, inachanganya utulivu na uzembe. Mbwa humbwekea mgeni kwa kuwa hamjui, si kwa kuwa mgongo wake umekakamaa.

Faida yenyewe imepimwa. Utafiti wa Odendaal na Meintjes wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa mbwa akipapaswa kwa upole, homoni ya oksitosini huongezeka katika damu yake, na katika damu ya anayempapasa vilevile. Hili la pili hoja hiyo hailigusi kabisa.

Kazi huanzia shingoni, kisha viganja hushuka pembeni mwa uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe, hadi mapajani. Mbwa akijilamba midomo, akipiga miayo au akigeuza kichwa, huenda amechoshwa; aachwe. Asiyezoea kuguswa anaweza hata kuuma, kwa hiyo huanzwa kidogo kidogo. Penye jeraha au uvimbe hapakandwi. Hapo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Mkono huohuo unaokanda hugundua kupe, mwenezaji wa vimelea vya ugonjwa viitwavyo babesia, aliyejificha nyuma ya sikio. Anayekataa kumgusa mbwa wake kwa kuogopa kumlegeza ndiye atakayechelewa kujua kwamba mlinzi wake anaumwa.